Ukienda kulazwa, panga kurudi nyumbani kwanza

Kila mara katika familia tunazozihudumia kuna mtu aliyepangiwa kulazwa: mama anayetolewa uvimbe kwenye kizazi, mzee mwenye goti lililochoka, kijana mwenye ngiri. Maswali tunayoulizwa ofisini huwa ni ya siku ya kwenda. Nibebe nini? Nitakula saa ngapi? Nani atalipa? Ni maswali mazuri na nitayajibu humu. Lakini matatizo mengi ninayoyaona mimi hayatokei hospitalini. Yanatokea siku ya tatu au ya nne baada ya mgonjwa kurudi, kwenye ghorofa ya tatu isiyo na lifti, wakati watu wazima wote wa nyumba hiyo wako kazini.

Hilo lina sababu, na sababu yenyewe ni mazoea tuliyotoka nayo. Mimi nimekulia kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma. Pale, kama ilivyo Uvira au Bukavu, mgonjwa halazwi peke yake. Anafuatwa na mtu wa kumuuguza, ambaye analala kwenye mkeka kando ya kitanda, anapika, anafua, anamwogesha, anamgeuza usiku. Hospitali inatoa munganga na dawa. Ndugu wanatoa mengine yote. Mgonjwa akiruhusiwa, mara nyingi amekwisha kupata nguvu ya kutembea mpaka barabarani.

Hapa Marekani mambo yamegeuka. Ndani ya hospitali hawahitaji mikono ya ndugu zako: chakula kinaletwa kwenye sinia, shuka zinabadilishwa, muuguzi anaosha. Lakini wanakutoa mapema. Aliyebadilishiwa goti anaweza kurudi nyumbani kesho yake, pengine siku ileile. Aliyejifungua kwa upasuaji hukaa kama siku mbili hadi nne. Unarudi na mshono mbichi, dawa tano usizozijua, na karatasi za Kiingereza. Ile kazi ya kuuguza tuliyozoea kuifanya wodini inaanzia sebuleni kwako, na hakuna atakayeipanga kama wewe hukuipanga.

Swali linaloulizwa kwa sauti ya salamu

Kabla ya kulazwa, na tena ukiwa kitandani, mtu atakuuliza: una mtu wa kukusaidia nyumbani? Ataliuliza akitabasamu, na sisi tunalijibu kama tunavyojibu salamu. "Ndiyo, tuko wengi, Mungu ni mwema." Nani kati yetu atamwambia mgeni kwamba hana watu? Ni aibu kwake na ni tusi kwa ndugu zake.

Jibu hilo linaandikwa kwenye kompyuta. Anayelisoma baadaye anaelewa kwamba mgonjwa huyu hahitaji muuguzi wa kuja nyumbani, wala mtu wa mazoezi ya viungo, wala kiti cha kuogea. Hapo mlango wa msaada unafungwa bila ugomvi wowote.

Mama mmoja alijibu hivyo, wala hakudanganya: nyumbani kwake wanaishi watu saba. Watatu ni watoto wa shule. Mume anaingia kiwanda cha nyama alfajiri. Binti mkubwa anafanya zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo na mchana analala. Shemeji anaendesha gari la abiria tangu asubuhi. Ukihesabu vizuri, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri hapakuwa na mtu aliye macho wa kumshika mkono kwenda chooni. Siku ya pili alijaribu peke yake, akaanguka.

Kwa hiyo usijibu kwa idadi ya watu. Jibu kwa saa na kwa kazi. Sema hivi: "Mume wangu yupo kuanzia jioni. Asubuhi mpaka watoto watoke shule niko peke yangu. Nyumba ina ngazi 32. Bafu ni lile la kuruka ukingo, halina mahali pa kushika. Nina mtoto wa mwaka mmoja ambaye hubebwa." Baada ya upasuaji wa tumbo wengi huambiwa wasinyanyue kitu kinachozidi pauni 10, yaani kilo 4 na nusu, kwa wiki kadhaa. Mtoto wa mwaka mmoja anazidi hapo, na mfuko wa mchele unazidi. Asipojua kwamba una mtoto wa kubeba, daktari hatalipanga jambo hilo.

Sema pia yale ambayo kwetu hayasemwi. Mzee akilazwa na nyumbani yuko mke wa mwanawe tu, muuguzi ataandika kwamba mkwe atamwogesha. Hajui kwamba jambo hilo haliwezekani, kwamba mzee atakaa wiki mbili bila kuoga kuliko kumvulia nguo mkwe wake. Mwambieni waziwazi: kwa desturi yetu huyu hawezi kumwosha huyu, tunahitaji mtu mwingine. Hawatashangaa. Wamekwisha sikia mengi.

Mtu wa kumwambia haya ana cheo. Kwenye kitambulisho chake huandikwa Case Manager au Social Worker, na yeye ndiye anayepanga kutoka kwako. Kanuni za serikali kuu zinaitaka hospitali inayopokea fedha za Medicare na Medicaid ifanye tathmini ya mahitaji yako ya nyumbani ukiomba mwenyewe, au daktari wako akiiomba. Basi omba, na uombe siku ya kwanza. Ukingoja mpaka asubuhi ya kutoka, kigari cha kutembelea kitafika nyumbani baada ya wiki.

Unachoweza kupata kinategemea bima yako na jimbo lako, lakini daktari anaweza kuagiza muuguzi wa kuja kubadilisha bandeji, mtaalamu wa mazoezi, na vifaa. Medicaid hulipia usafiri wa kwenda kwa daktari kwa mtu asiye na njia nyingine. Unapiga simu siku kadhaa kabla. Katika majimbo mengi kuna pia mpango wa Medicaid unaoweza kumlipa mtu uliyemchagua mwenyewe, hata ndugu, kwa kazi ya kukuhudumia nyumbani ikiwa huwezi kujihudumia kwa muda mrefu. Kibali chake huchukua muda. Kama mzee wenu anaelekea huko, njooni ofisini sasa hivi, msingoje alazwe.

Wengine wananiambia hawataki kuomba kitu wasije wakaharibu green card. Sheria ya uhamiaji inawatoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye kipimo hicho cha kuwa mzigo kwa serikali. Kinachotakiwa uangalie ni kitu kingine: sheria ya mwaka 2025 imebadilisha kanuni za nani anastahili Medicaid, hasa kwa ambaye bado hana green card. Usidhani kadi ya mwaka jana bado inafanya kazi. Piga namba iliyo nyuma ya kadi wiki chache kabla ya kulazwa, uulize kama bima iko hai na kama hospitali hiyo wanaikubali.

Watu wetu, kwa zamu

Kwetu mtu akilazwa, kanisa zima linakwenda kumtazama, au jamaa wa msikitini wanafika pamoja baada ya Ijumaa. Hapa wodi nyingi zina kikomo cha wageni, wawili au watatu kwa wakati mmoja, na muuguzi akiwatoa wengine nje tunaona tumedharauliwa. Mimi naona heri tukubali kikomo hicho na kuutumia wingi wetu mahali unapohitajika. Watu ishirini wodini Jumapili moja hawamsaidii mgonjwa kama watu kumi na wanne wanaokuja nyumbani kwake mmoja mmoja, siku moja kila mtu, kwa wiki mbili.

Chukueni karatasi mkiwa bado na afya. Andikeni siku, na kando ya kila siku saa ambazo nyumba haina mtu. Kisha mpe kila anayesema "tuko pamoja" kazi moja yenye siku na saa: mama fulani ataleta chakula Jumanne, kijana fulani ana gari na Alhamisi hafanyi kazi, jirani atachukua watoto kituo cha basi. Watu wetu hawakatai wakiombwa kitu kinachojulikana. Wanaposhindwa ni pale tunaposema "msitusahau" na kunyamaza.

Juu ya watoto: shule haitamkabidhi mwanao kwa jirani ambaye jina lake haliko kwenye orodha ya ofisi ya shule. Nenda ukaliandikishe kabla ya kulazwa. Mama anayelea peke yake alifanye hili kabla ya mengine yote.

Kwa anayetaka kuacha kazi kwa muda amuuguze mtu wake, ipo sheria ya mwaka 1993 inayompa mfanyakazi hadi wiki 12 kwa mwaka bila mshahara, na kazi yake inamngoja. Lazima uwe umefanya kazi kwa mwajiri huyo miezi 12 na saa zisizopungua 1,250 katika mwaka uliopita, na mwajiri awe na wafanyakazi 50 au zaidi karibu na hapo. Viwanda vikubwa na maghala wanayofanyia wengi wetu vinaingia. Inahusu mume au mke, mtoto na mzazi. Mama mkwe hayumo, kaka na dada hawamo. Lakini shangazi au babu aliyekulea kama mzazi ulipokuwa mtoto anahesabiwa mzazi, na hilo wengi hawalijui. Kama tarehe ya upasuaji inajulikana, toa taarifa kazini siku 30 kabla. Ofisi ya wafanyakazi itakupa fomu, na sehemu moja inajazwa na daktari.

Mkalimani, na maneno yanayopotea

Hospitali inawajibika kukupa mkalimani bila malipo. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 na sheria ya afya ya mwaka 2010. Sema "Swahili interpreter, please" siku unapopewa miadi, urudie ukifika. Mtoto wako asitafsiri, hata awe hodari wa Kiingereza namna gani. Kanuni hazimruhusu isipokuwa kwa dharura ambapo hakuna mwingine. Na hata bila kanuni, si haki binti wa miaka 12 awe wa kwanza kusikia kwamba mama yake ana saratani.

Mkalimani wa simu anaweza kuwa ametoka Mombasa, nawe umetoka Fizi. Kiswahili ni kimoja, maneno hayafanani. Ukisema ulitibiwa na munganga, mtu wa pwani anaweza kuelewa kwamba ulikwenda kwa mganga wa kienyeji. "Mguu" wetu ni paja mpaka vidole, na "mkono" ni bega mpaka kucha. Kiingereza kina neno kwa kila kipande. Usitegemee neno, gusa mahali penyewe. Kabla ya upasuaji, daktari au msaidizi wake atachora alama kwa kalamu mahali pa kupasua. Hakikisha ni upande ulio sahihi. Na usitie sahihi fomu ya kukubali upasuaji mpaka umeelezwa kwa lugha yako watafanya nini, kuna hatari gani, na usipofanyiwa itakuwaje.

Watakuletea pia fomu ya kumtaja mtu atakayeamua kwa niaba yako ukishindwa kusema. Wengi wanaikimbia wakiona ni uchuro, ni kujitabiria kifo. Hata anayetolewa kidole-tumbo hupewa. Usipoandika, uamuzi utafuata orodha ya sheria ya jimbo, ambayo haijui kwamba kwenu msemaji ni mjomba, au kwamba mwenzio mliyeoana kwa mahari huko nyumbani hana cheti. Andika jina la mtu unayemwamini, na umwambie.

Usiku wa kuamkia

Beba kitambulisho, kadi ya bima, na dawa zote unazotumia ndani ya chupa zake. Dawa za mizizi na majani zimo: mwarobaini, mlonge, vitunguu saumu unavyomeza kwa ajili ya presha. Baadhi huongeza kutoka damu au kugombana na dawa ya usingizi. Hakuna atakayekucheka. Kama unatumia dawa za sukari, za presha au za kufanya damu iwe nyepesi, uliza ipi umeze na ipi uache, usiamue mwenyewe. Pete, shanga na fedha viache nyumbani.

Utapewa saa ya kuacha kula na saa ya kuacha kunywa. Dawa ya usingizi inalegeza mwili, na chakula kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Ndiyo maana wanaahirisha upasuaji wa mtu aliyekula. Uji ni chakula. Chai ya maziwa pia wanaihesabu chakula. Asiyekula nguruwe, anayetaka halali au aliyefunga aseme wakati wa kuandikishwa.

Jambo jingine: ukipewa dawa ya usingizi na kutoka siku ileile, hospitali itadai mtu mzima wa kukupeleka nyumbani, na mara nyingi wa kukaa nawe saa 24. Teksi peke yake hawaikubali. Nimeona upasuaji uliosubiriwa miezi ukiahirishwa kwenye dawati la mapokezi kwa sababu hii tu.

Wodini, na siku ya kutoka

Watakusimamisha utembee mapema, labda jioni ya siku ileile. Si ukatili. Kulala bila kujongea kunagandisha damu kwenye mishipa ya miguu, na bonge hilo likipanda kwenye mapafu linaua. Bibi zetu husema mgonjwa apumzike. Hapa mpumzishe kwa hatua chache mara nyingi.

Watakuuliza maumivu ni ngapi, kati ya 0 na 10. Wanaume wetu hasa hujibu 2 huku jasho linawatoka. Namba hiyo ndiyo inayopimia dawa. Kama huwezi kukohoa wala kugeuka, sema hivyo. Asiyeweza kutembea kwa maumivu hatapona haraka.

Siku ya kutoka usikubali karatasi kabla mkalimani hajapatikana. Uliza: dawa ipi ni mpya, ipi ya zamani niache, kidonda nikioshe lini, nirudi tarehe gani, nipige namba gani usiku. Muuguzi akikuambia "nieleze ulivyoelewa", hakutahini wewe. Anapima kama yeye ameeleza vizuri. Kama unaona kabisa kwamba nyumbani hutaweza, sema "si salama kwangu kurudi leo" na uombe kumwona yule wa kupanga kutoka.

Kisha saa za dawa. Sisi tunaosema saa mbili asubuhi, chupa inasema 8. Na wapo kati yetu, hasa waliosoma kwa Kifaransa, ambao wakisema saa nane wanamaanisha 8 ya ukutani. Katika nyumba moja mama na mwana wanaweza kuhesabu tofauti. Andika kwenye kila chupa tarakimu ya saa ya ukutani, uchore jua au mwezi.

Panadol hapa inaitwa Tylenol, na jina la dawa yenyewe ni acetaminophen. Baadhi ya vidonge vikali vya maumivu, na dawa nyingi za mafua, tayari vina dawa hiyo ndani. Ukiongeza Tylenol juu yake unaharibu ini bila kujua. Tafuta neno hilo kwenye chupa, au mpigie mfamasia. Naye pia ana mkalimani wa simu.

Piga namba uliyopewa ukiwa na joto la nyuzi 38, ambalo kwenye kipimajoto cha hapa ni 100.4, au kidonda kikiwa chekundu zaidi, kikitoa usaha, kikinuka. Piga pia ikiwa nyama ya mguu mmoja, chini ya goti, imevimba na inauma. Pumzi ikikata ghafla, kifua kikibana, damu isipokoma, au mgonjwa akichanganyikiwa, piga 911. Sema "Swahili" kwanza, watakutafutia mtu, usikate simu.

Bili zitakuja baadaye, na zitakuja kwa mafungu: ya hospitali, ya daktari wa upasuaji, ya aliyekulaza usingizi. Kwanza hakikisha kila mmoja amepewa namba ya bima yako. Kama huna bima au haikutosha, hospitali zisizo za kibiashara zinatakiwa na sheria kuwa na mpango wa kupunguza au kufuta gharama kwa wenye kipato kidogo, na unaweza kuomba hadi siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka. Fomu ni ya kurasa chache; wanataka hati za mshahara na idadi ya watu wa nyumbani. Usilipe kwa kadi ya mkopo ili tu barua zikome, wala usizitupe. Ziweke kwenye mfuko mmoja pamoja na karatasi za kutoka hospitali, uzilete ofisini tuzisome pamoja.